Rejeta moja inaunguza, nyingine ya baridi: Kwa nini joto halifiki sawa kwenye nyumba za Ulaya

Kama una ndugu anayeishi Ujerumani, Uingereza au Sweden, huenda umeshamwona kwenye simu ya video amejifunika blanketi chumbani kwake. Ukimuuliza, anakwambia hita ipo na inawaka, ila chumba hakipati joto. Jirani yake wa chini naye amefungua dirisha, Januari, theluji nje, kwa sababu kwake kuna joto kama Dar ya mwezi wa pili.

Jengo ni moja. Boila ni moja. Maji ni yaleyale.

Wengi hapo huilaumu boila: imechoka, ni ndogo, mwenye nyumba bahili. Inaweza kuwa kweli. Lakini mara nyingi mtambo hauna ubovu wowote, shida ni mgawo. Kuna rejeta zinazopata maji ya moto kupita mahitaji yake, na kuna zinazobaki na masazo. Kazi ya kurekebisha mgawo huo inaitwa kusawazisha mfumo, na kwenye nyumba ya kawaida haihitaji kununua boila mpya. Inahitaji spana, vipimajoto viwili na subira ya siku nzima.

Joto linasafirije?

Tukisema rejeta hapa hatuna maana ya ile ya gari, ingawa ni ndugu. Ni bamba la chuma lililofungwa ukutani, mara nyingi chini ya dirisha, lenye njia za maji ndani yake. Boila inachemsha maji, pampu inayasukuma kwenye mabomba, maji yanapita ndani ya rejeta, yanaacha joto chumbani, kisha yanarudi kwenye boila yakiwa yamepoa kidogo. Safari inaanza upya. Maji hayo hayanywewi wala hayaogewi, yanazunguka tu humo humo mwaka hadi mwaka. (Ndiyo maana ukiyafungulia yanatoka meusi na yananuka.)

Kila rejeta ina mabomba mawili: moja la kuingiza maji ya moto, moja la kuyarudisha. Upande mmoja kuna kitasa chenye namba, mara nyingi 1 hadi 5. Hiyo ni thamostati. Upande wa pili, chini, kuna valvu nyingine ambayo wapangaji wengi hawajawahi kuigusa, imefunikwa kwa kofia ya plastiki au kifuniko cha chuma. Mafundi wa Uingereza wanaiita “lockshield”. Sisi hapa tutaiita valvu ya kofia, maana ndiyo yenye habari yote.

Nchini Marekani na Kanada nyumba nyingi hupashwa kwa hewa moto inayopulizwa kutoka matundu ya sakafuni au darini, kwa hiyo kama ndugu yako yuko Texas, makala hii haimhusu sana. Lakini Ulaya karibu yote, maji ndiyo yanayobeba joto.

Maji hayana haki, yana njia rahisi

Fikiria mtaa wenye laini moja ya maji. Nyumba iliyo karibu na bomba kuu inafungua koki na maji yanatoka kwa nguvu. Nyumba ya mwisho, kule juu kilimani, inapata uzi mwembamba, tena usiku wa manane watu wakiwa wamelala. Hakuna aliyeamua iwe hivyo. Kila mita ya bomba inakula nguvu kidogo ya msukumo, na kila koki iliyofunguliwa njiani inachukua sehemu yake. Wa mwisho anapata kilichobaki.

Ndani ya jengo mambo ni hayo hayo. Rejeta iliyo karibu na pampu ina msukumo mkubwa mlangoni kwake na safari fupi ya kurudi. Maji yanaona hapo pana mteremko, yanapita kwa wingi. Rejeta ya ghorofa ya tano mwisho wa korido ina mabomba marefu, kona nyingi, na msukumo uliochoka. Kama hakuna kitu kinachozuia maji kupita ovyo kwenye zile za karibu, ya mbali itakosa tu, hata boila iwe kubwa kiasi gani.

Dawa yake inashangaza kidogo kwa mara ya kwanza. Ili rejeta ya mbali ipate joto, huigusi hiyo ya mbali. Unakaba zile za karibu.

Hesabu inayoeleza kila kitu

Hapa tutulie kidogo, maana ndipo watu wengi wanapokosea, wakiwemo baadhi ya mafundi.

Chukua rejeta iliyopangwa kutoa kilowati 1 chumbani. Maji yanaingia yakiwa nyuzi 70 za Selsiasi na yanatakiwa kutoka yakiwa nyuzi 50. Yaani yanaacha nyuzi 20 za joto ndani ya chumba. Kwa hesabu hiyo rejeta inahitaji lita 43 tu za maji kwa saa. Gawanya kwa dakika 60: haifiki hata lita moja kwa dakika. Ni mtiririko mdogo mno.

Sasa rejeta hiyo iko jirani na pampu, valvu zake zote ziko wazi kabisa, na inapitisha mara nne ya hicho kiasi: lita 172 kwa saa. Utadhani chumba kitapata joto mara nne. Hapana. Kitapata kama robo tu ya ziada. Bamba la chuma lina eneo lake, haliwezi kutoa joto zaidi ya linavyoruhusiwa na ukubwa wake na tofauti ya joto kati yake na hewa ya chumbani. Maji yanapita mbio, hayapati muda wa kupoa, na yanatoka yakiwa bado na nyuzi 64 hivi.

Kwa hiyo lita 129 kwa saa, ambazo zingetosha rejeta nyingine tatu za ukubwa huo huo, zimezunguka bure.

Upande wa pili wa jengo, rejeta kama hiyo inapata robo ya maji inayohitaji. Hii inatoa kama nusu ya joto lake. Juu vuguvugu, chini baridi kabisa, na kabla jua halijachomoza mwenye chumba ameshavaa soksi mbili.

Angalia uzani wa mambo hayo mawili. Aliyezidishiwa maji mara nne amefaidika robo tu ya joto. Aliyepunjwa amepoteza nusu. Ukimnyang'anya wa kwanza ile ziada hataona tofauti kubwa, ila wa pili atapata chumba cha kukalika. Sidhani kuna urekebishaji mwingine wa nyumba unaogharimu kidogo hivi na kuleta matokeo makubwa hivi.

Boila nayo inaumia

Lile joto la nyuzi 64 linalorudi lina hasara ya pili ambayo mpangaji haioni.

Boila za gesi za kisasa zimetengenezwa kunyonya joto hadi kwenye moshi. Gesi asilia ikiungua inatoa mvuke wa maji. Ukiupoza mvuke huo ukageuka kuwa matone, unakuachia joto la ziada, hadi kama asilimia 11 juu ya lile la moto wenyewe. Ndiyo sababu boila hizi zina kibomba cha plastiki kinachodondosha maji nje.

Ila mvuke unageuka matone kama tu maji yanayorudi kutoka kwenye rejeta yako chini ya takriban nyuzi 55. Yakirudi na nyuzi 64, moshi unatoka na mvuke wake, joto linapotea kwenye dohani, na boila uliyouziwa kwa sifa ya kubana matumizi inafanya kazi kama ya zamani. Mtu analipia gesi bila kujua kwamba chanzo ni rejeta moja ya korido iliyoachwa wazi.

Nchini Denmark, ambako miji mingi ina mabomba ya joto kutoka mtambo mmoja mkuu, baadhi ya kampuni za joto hutoza zaidi wateja wanaorudisha maji yakiwa bado ya moto. Wameona hasara hiyo wakaiwekea bei.

“Ongeza pampu, ongeza moto”

Malalamiko yakizidi, msimamizi wa jengo huwa na majibu mawili ya haraka. Yote mawili yanafanya kazi kidogo, na yote mawili ni ghali.

La kwanza ni kuongeza kasi ya pampu. Kwenye mabomba yale yale, ukitaka maji yaende mara mbili, unahitaji msukumo mara nne na nguvu ya umeme mara nane. Na maji hayo ya ziada yanagawanywa kwa ukosefu ule ule wa usawa: wa karibu anazidishiwa zaidi, wa mbali anaongezewa kidogo. Juu ya hapo valvu zinaanza kupiga mluzi usiku. Kama rejeta ya mtu inaimba, mara nyingi ni msukumo uliozidi.

La pili ni kupandisha joto la maji kutoka boila, tuseme nyuzi 60 hadi 75. Wa mbali atapona, ni kweli. Lakini jengo zima sasa linapika, wa chini wanafungua madirisha, na ile faida ya mvuke imeaga. Kila mtu analipia dawa ya chumba kimoja.

Mbona kuna thamostati?

Swali zuri. Thamostati ya rejeta ilibuniwa ili kufunga maji chumba kikifika joto linalotakiwa. Mads Clausen, mwanzilishi wa kampuni ya Danfoss ya Denmark, aliibuni mwaka 1943, na leo ziko kwenye mamilioni ya nyumba.

Ndani ya kitasa kuna kimiminika, gesi au nta inayotanuka chumba kikipata joto. Ikitanuka inasukuma pini, pini inafunga maji. Zile namba si kasi. Ni joto la chumba unalolitaka: 3 huwa ni karibu nyuzi 20, na kila namba moja juu au chini ni kama nyuzi 4. Kuweka 5 hakufanyi chumba kipate joto haraka kuliko 3. Kunafanya valvu isifunge hadi chumba kifike nyuzi 28. Hili ni kosa ambalo wageni wengi wa Ulaya hulifanya majira yao ya baridi ya kwanza, na wenyeji wengi hulifanya maisha yao yote.

Sasa, thamostati inajua chumba chake tu. Haina habari na jirani. Mchana vyumba vyote vikishapata joto, thamostati za karibu zinafunga zenyewe, maji yanasonga mbele, wa mbali anapata. Ndiyo maana saa nane mchana fundi akija kukagua anakuta kila kitu kiko sawa na kumwona mpangaji msumbufu.

Balaa liko alfajiri. Usiku boila imepunguzwa, vyumba vyote vimepoa, thamostati zote zimefunguka kabisa kwa pamoja. Saa kumi na moja boila inawaka na kila rejeta inadai maji kwa wakati mmoja. Hapo wa karibu wanachota, wa mbali wanasubiri hadi saa tatu au nne. Nesi anayetoka zamu ya usiku, au mtoto anayejiandaa kwenda shule, ndiyo saa yake hiyo ya kuhitaji joto.

Chumba kinacholala baridi siku baada ya siku si usumbufu tu. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa makazi wa mwaka 2018, linataja nyuzi 18 kuwa joto salama la ndani kwa nchi za baridi, na zaidi kwa watoto wachanga, wazee na wagonjwa. Kuta za baridi zinakusanya unyevu, unyevu unaleta ukungu mweusi kwenye kona nyuma ya kabati, na ukungu unaingia kifuani.

Chumba baridi, bili ileile

Kwa anayepanga Ujerumani kuna jambo linalouma zaidi. Kwenye maghorofa yenye boila ya pamoja, kwa kawaida gharama ya joto haigawanywi yote kwa matumizi. Kanuni za huko zinataka kati ya asilimia 50 na 70 igawanywe kwa kipimo, yaani kile kidude cheupe kilichobandikwa kwenye rejeta. Sehemu inayobaki inagawanywa bila kuangalia matumizi, mara nyingi kwa ukubwa wa nyumba. Kwa hiyo hata kama chumba chako kimekuwa friji msimu mzima, kati ya asilimia 30 na 50 ya gharama ya jengo bado mnagawana kwa mita za mraba. Unachangia dirisha la jirani lililofunguliwa Januari.

Serikali ya huko ililiona hili bei ya gesi ilipopanda baada ya vita vya Ukraine. Kanuni ya muda iliyoanza Oktoba 1, 2022 iliwataka wenye majengo ya makazi yanayopashwa kwa gesi kusawazisha mifumo yao: yenye nyumba 10 au zaidi kufikia Septemba 30, 2023, na yenye nyumba 6 au zaidi kufikia Septemba 15, 2024. Kanuni hiyo ilipoisha, sheria ya nishati ya majengo ikachukua nafasi: tangu Oktoba 1, 2024, mfumo mpya wa joto la maji ukifungwa kwenye jengo lenye nyumba 6 au zaidi, lazima usawazishwe na matokeo yawekwe kwa maandishi. Mpangaji anaweza kuomba kuonyeshwa karatasi hiyo.

Jina la kazi hii kwa Kijerumani ni “hydraulischer Abgleich”. Liandike kwenye simu. Barua kwa mwenye nyumba inayosema “chumba changu baridi” hujibiwa kwa kutumiwa fundi wa kutoa hewa. Barua inayouliza kama jengo limefanyiwa kazi hiyo, lini, na karatasi iko wapi, husomwa kwa namna nyingine.

Kabla ya kulaumu mgawo

Si kila rejeta ya baridi inadhulumiwa na wenzake. Pitisha mkono.

Ikiwa ya moto chini na ya baridi juu, kuna hewa ndani. Inatolewa kwa ufunguo mdogo pembeni juu, shikilia kitambaa, funga maji yakianza kutoka. Ikiwa katikati chini pana baraka la baridi na pembeni pana moto, kuna matope ya kutu yametulia humo. Hayo yanataka kusafishwa, kukaba valvu hakutasaidia. Ikiwa bomba la kuingiza ni la moto kabisa na rejeta yote baridi, huenda pini ya thamostati imeganda. Hutokea sana mwanzoni mwa msimu, baada ya miezi ya kufungwa. Kitasa kinatolewa, pini inabonyezwa taratibu hadi ianze kurudi yenyewe, na usiivute kwa koleo, maana ikichomoka utaogelea.

Kuna la nne linalowachanganya wengi: moto juu, vuguvugu chini. Hilo mara nyingi ni dalili ya afya. Rejeta inayopata maji ya kadiri yake lazima iwe na baridi kiasi chini, kwa sababu maji yameacha joto lake chumbani kabla ya kutoka. Rejeta inayounguza juu hadi chini ndiyo mlafi wa nyumba.

Kusawazisha kwenye nyumba yako

Sehemu hii ni kwa nyumba inayojitegemea, yenye boila yake, kama nyumba nyingi za Uingereza. Mpangaji amuulize kwanza mwenye nyumba.

Zima hita, acha vipoe. Fungua thamostati zote hadi mwisho. Fungua valvu zote za kofia hadi mwisho, na uandike kila moja ilikuwa imefunguka mizunguko mingapi, ili ukiharibu urudi ulikotoka. Toa hewa kwenye rejeta zote na uangalie geji ya msukumo kwenye boila isiwe imeshuka.

Washa hita, kisha zunguka nyumba ukigusa bomba la kila rejeta. Andika ipi inapata moto kwanza, ipi ya pili, hadi ya mwisho. Orodha hiyo ndiyo ramani yako. Mara nyingi haifanani na unavyodhani, kwa sababu mabomba chini ya sakafu hayafuati mpangilio wa vyumba.

Anza na ya kwanza kwenye orodha. Funga valvu yake ya kofia kwa kuzungusha kama mshale wa saa, kisha ifungue robo mzunguko tu. Subiri. Pima joto la bomba linaloingia na linalotoka. Tofauti ikiwa ndogo mno, kaba kidogo, ikiwa kubwa mno, fungua kidogo. Ukitumia kipimajoto cha kuelekeza mwanga, bandika kwanza utepe mweusi kwenye bomba, maana shaba inayong'aa inakipotosha.

Tofauti iwe ngapi? Mifumo ya zamani ya Uingereza ilipangwa kwa nyuzi 11 hivi. Boila za kisasa zinazonyonya mvuke zinafurahia karibu 20. Mtu anayeendesha maji yake kwa nyuzi 55 tu anaweza kuridhika na 10 hadi 15. Mimi naona namba yenyewe isikunyime usingizi. La muhimu ni rejeta zote zikaribiane.

Nenda kwenye ya pili, ya tatu, hadi ya mwisho, ambayo kwa kawaida inabaki wazi kabisa. Kisha rudi mwanzo, kwa sababu kila ukikaba moja, nyingine zote zimepata kidogo. Ndiyo inakula siku. Na usizungushe kwa mkono mzito: kwenye valvu nyingi, karibu kazi yote inafanyika kwenye mzunguko wa kwanza tangu kufungwa. Mizunguko inayofuata ni kama kufungua mlango ambao tayari uko wazi.

Kwenye ghorofa, mikono mfukoni

Jengo lenye nyumba 20 ni mchezo mwingine. Ukifungua valvu yako ya kofia hadi mwisho, unaweza kupata nafuu, na ukamnyima mama mzee wa juu. Naye akifungua yake, mnarudi pale pale, ila sasa na pampu inayohangaika.

Huko kazi inaanza kwenye karatasi. Fundi anakokotoa kila chumba kinapoteza joto kiasi gani: kuta, madirisha, ghorofa, upande wa upepo. Anapata lita kwa saa za kila rejeta, kisha anaweka namba ndani ya valvu ya thamostati, chini ya kitasa, kwa ufunguo maalumu. Kwenye mabomba ya kupandisha maji ghorofani wanafunga valvu za kusawazisha zenye matundu mawili ya kupimia. Wanachomeka kifaa, wanasoma tofauti ya msukumo, wanajua mtiririko.

Ghorofa refu za Nairobi na Dar es Salaam zinazotumia maji ya baridi kwa kiyoyozi zina valvu za aina hiyo hiyo na ugonjwa ule ule, ila umegeuzwa: ofisi moja watu wanavaa sweta, nyingine wanajipepea kwa mafaili.

Majengo ya zamani yenye bomba moja tu linalopita kutoka rejeta hadi rejeta, yapo mengi Ulaya Mashariki, hayafuati utaratibu huu. Pale wa mwisho anapata maji yaliyokwisha kupoa, na dawa ni kuwa na rejeta kubwa zaidi au kubadilisha mabomba.

Sakafu ya joto na pampu za joto

Nyumba mpya nyingi zina mabomba chini ya sakafu. Hapo kusawazisha ni rahisi zaidi kwa macho: kwenye kabati dogo ukutani kuna vibomba vya kioo vyenye namba, kila kimoja kinaonyesha lita kwa dakika za chumba kimoja. Bafu lenye mita 30 za bomba litanyang'anya sebule yenye mita 90 kama hukulikaba. Unazungusha, unasoma, basi. Subira tu ndiyo kubwa, maana zege linachukua saa nyingi kuonyesha mabadiliko.

Pampu za joto, zinazochukua nafasi ya boila za gesi, hazisamehe uzembe. Zinafanya kazi vizuri maji yakiwa na nyuzi 35 hadi 45, na tofauti ya kuingia na kutoka huwa ndogo, nyuzi 5 hivi. Maji yanayohitajika ni mengi zaidi, na kila nyuzi moja unayoongeza kufidia chumba kimoja kilichokosa inakula umeme. Nyumba iliyovumilia mgawo mbovu kwa miaka 30 ya gesi inaweza kugoma wiki ya kwanza ya pampu ya joto.

Ukimaliza, andika mizunguko ya kila valvu kwenye karatasi na uibandike ndani ya mlango wa kabati la boila. Siku fundi atakapotoa rejeta ili mpake rangi ukuta, atafunga valvu ya kofia kuzuia maji, na akirudisha ataifungua hadi mwisho. Karatasi hiyo itamwambia alitakiwa kusimama wapi.